Kichwa Kinauma, Uso Unachoma: Anzia Kwenye Saa, Si Kwenye Kidonge

Mteja akifika dirishani kwenye duka la dawa hapa Mwanza, iwe Igoma, Mabatini au Kirumba, maneno huwa ni yaleyale: "Dokta, nipe dawa ya kichwa, ile kali." Muuzaji ana foleni. Anakata vidonge, anapokea hela, anaita anayefuata. Wiki ijayo mteja yuleyule karudi. Kwa sisi tunaokaa upande wa ndani wa dirisha hilo, maswali mawili ndiyo yangemwokolea hela yake: kikianza kinakaa muda gani, na kikikushika unafanya nini?

Wengi hupenda kuanza na mahali panapouma. Mahali panadanganya. Kipandauso huweza kukaa shavuni ukadhani ni mafua, gego bovu likauma sikioni, shingo iliyokaza ikapanda mpaka juu ya jicho. Muda haudanganyi kiasi hicho. Maumivu ya sekunde chache, ya saa moja, ya siku nzima na ya mwezi mzima yana asili tofauti, na dawa zake ni tofauti.

Yasiyosubiri kesho

Haya hayatafutiwi dawa dukani. Ukiona mojawapo, tafuta usafiri:

- Kichwa kilichopasuka ghafla na kufika kilele ndani ya dakika moja hivi, maumivu ambayo mtu hajawahi kuyapata maishani. Huenda mshipa umevuja damu ndani ya kichwa.
- Homa pamoja na shingo ngumu, kuchanganyikiwa, usingizi usioamshika au degedege. Huenda ni homa ya uti wa mgongo.
- Mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, mdomo umekwenda upande, maneno hayatoki vizuri.
- Mjamzito aliyepita wiki 20, au mama aliyejifungua karibuni, anaumwa kichwa sana, anaona maruweruwe, au tumbo linauma chini ya mbavu. Hiyo ni dalili ya kifafa cha mimba, na presha yake ipimwe saa hiyohiyo.
- Mtu aliyegongwa na bodaboda au kuanguka, hata kama alinyanyuka akatembea. Kwa wazee damu huweza kuvuja polepole, kichwa kikaanza kusumbua wiki kadhaa baadaye, wakati kila mtu ameshasahau ile ajali.
- Mtoto mwenye selimundu analalamika kichwa kikali kilichoanza ghafla. Kanda ya Ziwa tunao watoto wengi wenye ugonjwa huu, na kiharusi huwapata wangali wadogo.
- Mtu anayeishi na VVU ambaye kichwa kinauma kila siku na kila siku kinazidi. Fangasi wanaoshambulia utando wa ubongo huingia taratibu hivyo, na shingo inaweza isikaze kabisa.
- Jicho moja jekundu, linauma, linaona duara za rangi kuzunguka taa, na mtu anatapika. Hiyo ni presha ya jicho. Likicheleweshwa linapofuka.

Ukiwa mjini, hospitali za Sekou Toure na Bugando zote zinapokea dharura. Ukiwa Ukerewe au kwenye kisiwa kidogo zaidi, anzia kituo cha afya kilicho karibu ili mgonjwa aanzishiwe matibabu wakati boti inatafutwa. Wa upande wa Sengerema sasa wana daraja la Kigongo–Busisi. Ile adha ya mgonjwa kusubiri kivuko usiku imekwisha.

Kichwa kimekuja na homa

Huku ziwani, homa na kichwa ni malaria mpaka kipimo kikatae. Kipimo cha haraka ni tone la damu la kidoleni na jibu hutoka ndani ya nusu saa. Kikisoma ndiyo, mtu mzima humeza dawa mseto vidonge vinne mara sita: dozi ya kwanza palepale, ya pili baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Imezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, maana bila mafuta mwili hauipokei vizuri. Kichwa hupoa mapema, mara nyingi siku ya pili, na hapo ndipo vidonge vilivyobaki huwekwa kabatini "kwa ajili ya safari nyingine". Vimezwe vyote 24.

Kikisoma hapana, usinywe dawa mseto kwa sababu tu kichwa "kinauma kimalaria". Kuna mafua makali, kuna mkojo, kuna koo, kuna masikio ya watoto, na kuna homa ya uti wa mgongo niliyokwisha kuitaja. Na kwa mgeni aliyekuja kutembea, akaogelea ufukweni, kisha wiki kadhaa baadaye akapata homa, kikohozi, vipele vinavyowasha na kichwa, mwambie daktari habari ya kuogelea. Kichocho kikiwa kipya mwilini hujitokeza hivyo kwa watu ambao hawajakizoea, na kipimo cha choo wakati huo kinaweza kuonyesha hamna kitu.

Kinabana kote, lakini kazi naendelea nazo

Maumivu ni ya pande zote mbili, yanabana kuanzia kisogoni mpaka paji la uso. Hayapigi kwa mapigo. Hakuna kutapika. Unaweza kupanda mlima wa Mabatini na ndoo yako na yasizidi. Yanakaa nusu saa, au siku nzima, hata wiki. Haya ni maumivu ya mkazo, na ndiyo yanayowapata watu wengi kuliko yote.

Chanzo kitafute shingoni na kwenye ratiba yako. Umeinamia cherehani au simu tangu asubuhi? Umebeba mzigo kichwani? Umekunywa chai saa moja asubuhi na hujagusa maji mpaka jua limezama? Kwa aliyepita miaka 40, jaribu kitu kimoja kabla ya chochote: je, unasogeza gazeti mbali ndipo usome? Kichwa kinachoanza jioni baada ya kazi ya macho mara nyingi hutibiwa na miwani ya kusomea.

Parasetamoli ya miligramu 500, vidonge viwili, inatosha. Unaweza kurudia baada ya saa sita, na usivuke vidonge vinane kwa siku nzima. Kukandwa shingo na mabega kwa kitambaa cha moto kunasaidia kweli. Wanaofunga Ramadhani na wamezoea chai nzito au kahawa wapunguze kikombe kimoja kimoja wiki moja kabla ya mwezi kuandama, maana kichwa cha siku za mwanzo za funga mara nyingi ni kafeini inayodaiwa.

Kinapiga upande mmoja, nataka giza na nisisemeshwe

Hiki ni kipandauso. Mgonjwa wa mkazo analalamika huku akifanya kazi, ila wa kipandauso hulala chini, hufunga pazia, hukasirikia redio ya jirani. Maumivu hupiga pamoja na moyo, mara nyingi upande mmoja, huzidi ukipanda ngazi au ukiinama, na huja na kichefuchefu. Harufu ya dagaa aliyoizoea tangu utotoni inamgeukia. Yasipotibiwa hudumu kuanzia saa 4 mpaka 72. Wanawake hupatwa takriban mara tatu ya wanaume, na wengi wao siku zinazozunguka hedhi.

Baadhi huonywa kabla: vimulimuli machoni, mstari wa kona-kona unaong'aa na kutanuka, au ganzi inayotambaa kutoka vidoleni mpaka mdomoni, kwa dakika 5 hadi 60, kisha kichwa kinaanza. Mwanamke anayeona vimulimuli hivi asitumie vidonge vya majira vyenye homoni ya estrojeni, kwa sababu vinaongeza hatari ya kiharusi. Aende kliniki ya uzazi wa mpango abadilishiwe, kwa mfano kijiti au kitanzi.

Kijana mmoja mvuvi wa dagaa, wa huko Igombe, alikuja na mama yake. Mama ndiye aliyeongea.

"Dokta, mwanangu huyu anashikwa mwezi ukiwa mpevu. Mwezi ukiwa gizani yuko mzima, anakwenda ziwani usiku kucha. Ukiwaka tu, kichwa. Nyumbani wanasema ni vitu vya ziwani."

"Shikamoo mama. Mwezi ukiwaka, huyu analala saa ngapi?"

Mama akamtazama kijana, kijana akacheka kidogo. Dagaa huvuliwa kwa taa gizani, na mbalamwezi ikiwa kali taa haiwavuti, kwa hiyo wavuvi hupumzika kama wiki nzima. Wiki tatu kijana analala mchana. Wiki ya mbalamwezi anarudi kulala usiku kama watu wengine, anaamka saa nne, halafu chai ya asubuhi anainywa adhuhuri. Kipandauso hakipendi mabadiliko, hasa ya usingizi na ya chakula, na huja zaidi mtu akianza kupumzika kuliko akiwa kazini. Tulikubaliana kwamba wiki ya mapumziko asirukie usiku kwa mkupuo: asogeze saa ya kulala kidogokidogo, ale kwa wakati, anywe maji. Mama hakuonekana kushawishika sana kuhusu vile vitu vya ziwani. Haikuwa lazima ashawishike.

Dawa ya kipandauso ina sharti moja ambalo watu hawalifuati: imezwe mapema, kichwa kikiwa kinaanza. Ukisubiri mpaka utapike, tumbo limeshalala na kidonge kinakaa humo bila kufanya kazi. Parasetamoli vidonge viwili, au ibuprofeni miligramu 400 baada ya kula, kisha chumba chenye giza. Wenye vidonda vya tumbo, wenye figo mbovu na wajawazito wasiguse ibuprofeni wala diklofenaki. Watoto wasipewe aspirini. Kama kutapika kunakuja haraka, daktari anaweza kuongeza metoklopramidi.

Mashambulizi yakifika manne au zaidi kwa mwezi, omba dawa ya kuzuia. Propranololi na amitriptilini ya dozi ndogo usiku ni za bei nafuu na zinapatikana, lakini zinaandikwa na daktari: ya kwanza haimfai mwenye pumu, ya pili inalevya usingizi. Zipe miezi miwili au mitatu kabla ya kusema hazifai.

Kufunga kitambaa kichwani kwa nguvu hakuna ubaya, na wapo wanaopata nafuu. Kuchanjwa chale kwenye paji la uso ni habari nyingine. Kipandauso huisha chenyewe baada ya saa kadhaa, hivyo wembe unapata sifa isiyo yake, na wembe uliopita kwa watu watatu hubeba homa ya ini na VVU.

Kinauma kila siku, na dawa zimezoea mwili

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sisi wauza dawa tunahusika.

Anakuja dada anayeanika dagaa. Ukimuuliza anatumia nini, anafungua fundo kwenye pindo la kanga. Ndani kuna karatasi za vidonge zilizokatwakatwa, za rangi tatu, nyingine tupu. Kimoja asubuhi akiamka, maana kichwa humwamsha. Kingine saa sita jua likiwa kali. Cha usiku ili alale. Alianza kwa kipandauso cha mara mojamoja, na sasa hana siku ya mapumziko.

Dawa za maumivu zikitumika kupita kiasi huzalisha maumivu. Kipimo ni hiki: parasetamoli, aspirini, ibuprofeni au diklofenaki siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu. Kwa vidonge vya mchanganyiko vyenye kafeini, au vyenye kodeini na tramado, siku 10 tu zinatosha. Hesabu siku, si vidonge. Dalili kubwa ni kichwa kinachokuwepo tayari alfajiri, kidonge kikakituliza kwa saa mbili tatu, kikarudi.

Tiba ni kuacha, na haifurahishi. Parasetamoli na jamii ya ibuprofeni huachwa kwa mara moja. Siku za kwanza kichwa huzidi, kichefuchefu huja, usingizi hupotea, na hali hiyo inaweza kuchukua kuanzia siku mbili mpaka kumi au zaidi kidogo. Chagua wiki isiyo na msiba wala harusi. Mweleze mtu wa nyumbani ili asikukimbizie kidonge kwa huruma. Anayetumia tramado kila siku asiache peke yake, apunguziwe na daktari, kwa kuwa kuacha ghafla kuna hatari. Daktari anaweza pia kuanzisha amitriptilini mapema ili kuvuka kipindi hicho. Baada ya hapo kichwa cha awali hurudi katika sura yake ya zamani, na sasa kinatibika.

Ukiona duka linakuuzia diklofenaki kila siku bila swali hata moja, badilisha duka. Hiyo ni dawa inayotoboa tumbo na kuchosha figo.

Jicho linachoma kama limechomwa msumari, saa ileile kila usiku

Haya ni nadra, huwapata wanaume zaidi, na hakuna anayeyasahau. Upande mmoja tu, ndani na kuzunguka jicho, dakika 15 hadi saa tatu, yanarudi hata mara nane kwa siku kwa wiki kadhaa, kisha yanapotea miezi. Jicho la upande huo hutoa machozi, kope hushuka, pua huziba. Mgonjwa halali chini: anazunguka uani, anajigonga ukutani. Vidonge vya kawaida vinachelewa, maana maumivu huisha kabla havijayeyuka. Oksijeni safi ya kasi kubwa kwa barakoa, ndani ya hospitali, hukata shambulio, na verapamili huzuia mengine. Pombe ikatwe kabisa kipindi hicho.

Uso unapigwa shoti

Kulikuwa na mzee aliyekuja na kivuko cha Kamanga. Alishika kiganja chake sentimita chache kutoka shavuni, bila kuligusa, kuzuia upepo. Mashavu yalikuwa na ndevu upande mmoja tu, kwa kuwa upande wa pili hanyoi. Alikuwa ameshang'olewa meno mawili na maumivu yalibaki vilevile.

Ukiona hivyo, ni neva ya uso. Shoti ya umeme ya sekunde moja mpaka dakika mbili, upande mmoja, shavuni au tayani, inayochokozwa na vitu vidogo: upepo, maji ya kunawia, mswaki, kutafuna, hata kuitikia salamu. Kati ya shoti na shoti mtu yuko mzima. Huwapata zaidi waliopita miaka 50, na mara nyingi sababu ni mshipa wa damu unaogusa neva hiyo karibu na ubongo. Jino halihusiki, kwa hiyo usikubali kung'olewa jino ambalo daktari wa meno hajaliona kuwa bovu.

Parasetamoli haifui dafu hapa. Dawa yake ni kabamazepini, inayoanza kwa dozi ndogo na kupandishwa taratibu. Ikileta vipele, iache na urudi hospitali siku hiyohiyo. Mtu mwenye umri chini ya miaka 40, au mwenye ganzi ya kudumu usoni, au anayeumwa pande zote mbili, anahitaji kupigwa picha ya ubongo kwanza.

Shavu, taya na paji: tenganisha hivi

*Jino.* Maumivu ya kudunda, yanazidi kwa chai ya moto au maji ya baridi na ukilala. Gonga meno moja moja kwa mpini wa kijiko. Lenye kosa litajitaja. Usaha hauondoki kwa amoksilini peke yake, jino lizibwe au ling'olewe. Uvimbe ukishuka chini ya kidevu, ukashindwa kumeza mate au kufungua mdomo, hiyo ni dharura.

*Taya.* Inalia mbele ya sikio ukifungua mdomo, inauma asubuhi, na mwenzako kitandani anasema unasaga meno usiku. Pumzisha: acha miwa, mahindi ya kuchoma na bazoka kwa wiki mbili tatu, kanda kwa moto. Wengi hupona hivyo tu.

*Mafua.* Shavu au paji ni zito, linauma ukiinama, pua imeziba na inatoa kamasi la njano, harufu husikii. Mengi ni virusi na hutulia ndani ya siku 10. Dawa ya vijasumu inafikiriwa yakipita siku hizo, au yakianza kupona halafu yakarudi kwa ukali. Osha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, kamwe si maji mabichi ya ziwani. Kujifukiza kunalegeza kamasi, ila sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi pamoja na mtoto ni hatari ya kuungua. Na kama "mafua" yako hayana kamasi lolote, yanakuja mara mbili kwa mwezi na kukulaza gizani, rudi kusoma habari ya kipandauso.

*Mkanda wa jeshi.* Ngozi inachoma siku mbili tatu, kisha malengelenge yanatoka upande mmoja wa paji. Asikloviri hufanya kazi vizuri ikianza ndani ya saa 72. Lengelenge likitokea kwenye ncha ya pua, jicho liko hatarini, nenda kwa daktari wa macho leo. Upime na VVU.

"Ni presha hii"

Mara nyingi siyo. Presha ya 150 kwa 95 haimuumizi mtu kichwa, na wengi wenye presha kubwa hawasikii lolote, ndiyo maana inaua. Ikifika 180 kwa 120 au zaidi pamoja na kichwa, macho kutoona vizuri au kifua kubana, ni hospitali. Mengine yote: pima, andika, pima tena ukiwa umetulia. Usimeze kidonge cha jirani.

Nyumba nzima imeamka na kichwa

Masika, baridi, jiko la mkaa limeingizwa chumbani, dirisha limefungwa. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu. Wote wanaumwa, wanasinzia, wanatapika, na nje wanapata nafuu. Toa watu kwanza, fungua milango, kisha hospitali, hasa kwa mjamzito na mtoto.

Unapokwenda kwa daktari

Chukua daftari la shule. Tarehe, saa kilipoanza, saa kilipoisha, ulikuwa unafanya nini, ulikula saa ngapi, umemeza nini na vingapi. Wanawake waongeze siku za hedhi. Mwezi mmoja wa maandishi hayo humsaidia daktari kuliko vipimo vingi vya gharama. Beba maganda ya dawa zote, pamoja na za kienyeji. Kama unatumia ARV au una kijiti, sema hata usipoulizwa: kabamazepini hupunguza nguvu ya dolutegraviri, ambayo ni mojawapo ya ARV, na ya kijiti, na dawa za kipandauso zenye ergotamini hazichanganywi kabisa na ARV zenye ritonaviri.